Waliokaribia Kunywa Maziwa

Mbio za magari za Indianapolis zilinifikia kwanza kwa masikio. Ilikuwa Jumapili moja mwishoni mwa Mei, mwaka wangu wa kwanza katika mji huu. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku ghalani, nimelala saa mbili tu, usingizi ukakatwa na redio. Wala haikuwa redio moja. Gereji zote za mtaa zilikuwa wazi, kila gereji na redio yake, zote stesheni moja, na mtangazaji anapayuka kama mtu anayeona nyumba yake ikiungua. Nikajua ni mpira. Nikatoka na kandambili kumuuliza jirani nani anacheza na nani.

Akacheka, akaniambia ni Indy 500. Nikamuuliza mbona anasikiliza redio na sebuleni ana televisheni kubwa kama mlango. Ndipo nikaelezwa jambo ambalo hadi leo linanichekesha: mbio hizi hutazamwa moja kwa moja Marekani nzima, isipokuwa katika mji zinapofanyika. Sisi tunaokaa karibu na uwanja hungoja marudio ya jioni, ili anayetaka kuona akanunue tiketi. Marufuku hiyo huondolewa kwa nadra, kama mwaka 2016, mbio zilipotimiza mara ya 100 na tiketi zote zikaisha. Basi wenyeji wamezoea kuzisikiliza, kama sisi tulivyokuwa tukizisikiliza mechi za Gor na AFC kwenye redio ya betri, na wanazijua kwa sauti kuliko wengine wanavyozijua kwa macho.

Mimi ni mtu wa Nakuru. Kwetu mbio za magari ni Safari Rally: Pasaka, unaamka alfajiri, unasimama kando ya barabara saa nne nzima, gari linapita sekunde tatu, unakula vumbi, unarudi nyumbani umefurahi. Lakini gari lile lilikuwa likienda mahali. Haya ya Indianapolis yanazunguka tu. Kona nne, zote za kushoto, uwanja wa maili mbili na nusu, yaani kilomita nne, na wanauzunguka mara 200. Wakimaliza kilomita 800 wako palepale walipoanzia. Kwa miaka miwili niliona ni upuuzi, na nilisema hivyo kazini kwa sauti.

Aliyenisikia ni mzee mmoja wa folklifti. Ana miaka sabini na kitu, amekataa kustaafu, na alianza kupelekwa uwanjani akiwa mtoto wa kubebwa begani. Hakunijibu. Siku ya pili, wakati wa mapumziko, akaja akaketi kwenye kreti mbele yangu na kuanza kunisimulia habari za Ralph DePalma.

Mwaka 1912. Mbio zilikuwa za pili tu tangu zianzishwe. DePalma, mhamiaji aliyezaliwa Italia, alikuwa na Mercedes, na alikuwa ameongoza mizunguko 196 kati ya 200. Aliyemfuata alikuwa nyuma kwa mizunguko mitano hivi. Watu walikwisha kuanza kutafuta kofia zao waende nyumbani. Imebaki mizunguko miwili, injini ikavunjika ndani. Konrodi imekatika, mafuta yanamwagika, gari likajikokota, likazima. DePalma na fundi wake, Rupert Jeffkins, wakashuka. Wakaliinamia gari kwa nyuma, wakaanza kulisukuma. Joe Dawson akawapita, akawapita tena, na yeye ndiye aliyeshinda, akiwa ameongoza mizunguko miwili tu siku nzima. Hawa wawili waliendelea kusukuma, wamelowa jasho na mafuta, umati umesimama unawashangilia. Gari lile lilikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja.

“Na Dawson?” nikamuuliza mzee.

“Dawson alikuwa dereva mzuri,” akasema, akainuka kurudi kazini.

Ilinichukua miezi kugundua kwamba ndivyo alivyo. Washindi huwataja tu kwa sababu mwaka lazima uwe na jina. Hadithi zake zote ni za walioshindwa.

Uwanja wenyewe ulianza kwa maafa. Carl Fisher alikuwa mfanyabiashara wa hapa aliyetajirika kwa taa za magari zilizowaka kwa gesi, na mwaka 1909 yeye na wenzake watatu wakajenga mahali pa kujaribia magari, kwa sababu barabara za Indiana zilikuwa matope. Wakamwaga kokoto na lami. Mbio za kwanza za magari, Agosti mwaka huohuo, zilifukua ile njia mashimo, na watu watano wakafa katika siku tatu, wakiwemo watazamaji wawili. Mtu mwingine angeufunga. Fisher na wenzake wakanunua matofali milioni 3.2, yakapangwa kwa mkono, moja moja, katika muda wa miezi miwili hivi. Matofali hayo bado yapo. Yamefunikwa na lami tu, isipokuwa mstari wa upana wa yadi moja pale pa kumalizia. Nimeenda kuyagusa siku ya kawaida, uwanja mtupu. Ni mekundu yaliyofifia, hayalingani, na ukipitisha kiganja unahisi kingo zake. Washindi siku hizi hupiga magoti na kuyabusu, desturi ambayo wageni hudhani ni ya kale. Sivyo, ilianzishwa mwaka 1996 na watu wa NASCAR, wale wa magari mazito yaliyofunikwa, walipokuja kushindana hapa.

Mbio zenyewe za maili 500 zilianza tarehe 30 Mei 1911, magari 40. Kila gari lilibeba watu wawili: dereva na fundi, ambaye kazi yake ilikuwa kupampu mafuta, kusikiliza injini na kugeuka nyuma kumwambia dereva nani anakuja. Kwa lugha ya kwetu, tanboi. Ray Harroun peke yake ndiye aliyekuja bila tanboi. Gari lake la Marmon, la njano, lilikuwa na kiti kimoja, na wenzake wakalalamika kwamba mtu asiyeona nyuma atawaua. Akafunga kioo mbele yake juu ya vyuma vinne. Baadaye alikiri kwamba kile kioo kilitikiswa sana na matofali hata hakuona kitu. Alishinda, kwa saa 6 na dakika 42, mwendo wa wastani wa kilomita 120 kwa saa, ambao ni mwendo wa matatu ya Nakuru ikiwahi abiria wa asubuhi.

Kwa mzee wangu, mwaka 1911 ni mwaka wa Ralph Mulford. Mulford alivuka mstari akaamini ameshinda. Wakati wa mbio kulitokea ajali palepale mbele ya meza za wapima muda, na waliokuwa wakihesabu mizunguko wakakimbia kuokoa roho zao, hesabu ikavurugika. Mulford alipomaliza, kwa tahadhari akazunguka tena kidogo asije akadaiwa mzunguko. Aliporudi, Harroun alikuwa amezungukwa na wapiga picha. Waamuzi walikaa na makaratasi wakathibitisha kwamba wa kwanza ni Harroun na wa pili ni Mulford. Zaidi ya miaka mia imepita, na bado wapo wazee hapa wanaoibishania hesabu hiyo.

Nisilirefushe kila jambo. Kuna Bill Vukovich, aliyeshinda 1953 na 1954, na mwaka 1955 akiwa anaongoza tena akagonga magari yaliyokuwa yameanguka mbele yake, akafa. Habari hiyo mzee huisimulia kwa sentensi moja na kunyamaza. Kuna Parnelli Jones mwaka 1967, na gari lenye injini ya tabo kama ya ndege, lisilo na mngurumo, linavuma tu. Wapinzani walilichukia kwa moyo wote. Aliongoza mizunguko 171. Imebaki mitatu, beringi moja ndogo ikavunjika kwenye giaboksi. Fundi yeyote wa jua kali ataielewa hadithi hiyo bila maelezo: gari la mamilioni, na kilicholilaza ni kitu kinachoenea mfukoni.

Lakini waliochukua moyo wa ghala letu ni akina Andretti, na hilo lilitokana na mwenzetu mmoja Mkongo. Yeye alikulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma, kabla ya kuletwa huku na familia yake. Mambo ya magari hakuyajali kabisa. Siku moja mzee alikuwa akieleza kwamba Mario Andretti alizaliwa mwaka 1940 Motovun, sehemu iliyokuwa ya Italia na sasa ni ya Kroatia. Kwamba baada ya vita mpaka ulihamishwa, na familia yake ikakimbia mwaka 1948, ikaishi katika kambi ya wakimbizi mjini Lucca miaka saba, hadi ilipopata nafasi ya kuja Marekani mwaka 1955. Mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri. Yule Mkongo akaacha kutafuna.

“Miaka saba kambini?”

“Saba.”

“Basi huyu ni mwenzetu,” akasema. Kuanzia siku ile akawa shabiki, na kila akimtaja husema “Mario” kama anayemtaja shemeji yake.

Amejichagulia shida. Mario alishinda mwaka 1969, watu wakasema huyu atashinda mara tano. Hakushinda tena. Mwaka 1987 aliongoza mizunguko 170 kati ya 177 ya kwanza, halafu gari likaanza kukohoa. Aliyeshinda ni Al Unser, mwenye umri wa miaka 47, ambaye mwezi ulipoanza hakuwa na gari. Alilopewa mwishowe lilikuwa limewekwa kama pambo kwenye ukumbi wa hoteli huko Pennsylvania. Mwanawe Mario, Michael, aliongoza jumla ya mizunguko 431 maishani mwake na hakushinda hata mara moja. Hakuna asiyeshinda aliyeongoza mingi kama hiyo. Mwaka 1992 Michael alikuwa ameongoza mizunguko 160, imebaki 11, pampu ya mafuta ikafa. Siku hiyohiyo baba yake alivunjika vidole vya miguu na ndugu yake Jeff akavunjika miguu vibaya sana. Mwaka 2006 mjukuu, Marco, mwenye umri wa miaka 19, alikuwa mbele hadi mita za mwisho kabisa, akapitwa na Sam Hornish Jr. kwa sekunde 0.0635. Jaribu kupiga kofi moja. Ulipomaliza kusikia mlio, wamekwisha.

Wapo wanaosema ni laana. Mimi nadhani ni hesabu tu: anayeongoza sana ndiye mwenye nafasi nyingi za kuharibikiwa mbele za watu. Mkongo hakubali. Kwao, anasema, mambo kama hayo yana mwenyewe.

Na mshindi? Mshindi anapewa maziwa. Hii ndiyo desturi niliyoielewa mara moja, kwa sababu najua watu ambao mgeni akifika hupewa maziwa kabla hajaulizwa jina. Ilianza na Louis Meyer, aliyeshinda mara tatu. Mama yake alimzoesha kunywa maziwa yaliyotolewa siagi siku za joto, machachu kidogo, jamaa ya karibu ya mala yetu, na mwaka 1936 alipigwa picha akiyanywa kutoka chupani. Watu wa biashara ya maziwa wakaona picha, mengine yakafuata. Leo kila dereva huulizwa kabla ya mbio anataka maziwa ya aina gani, ya mafuta au yaliyopunguzwa mafuta, yakawekwa kwenye barafu. Mwaka 1993 Emerson Fittipaldi, Mbrazili mwenye mashamba ya machungwa, alianza na juisi ya machungwa. Alizomewa, na wapo ambao hawajamsamehe hadi leo.

Sasa nifike kwa mtu ambaye mzee hakunisimulia. Huyu nilimkuta mwenyewe, nikisoma habari za mji ninaoishi. Anaitwa Charlie Wiggins. Alianza kama mtoto wa kung’arisha viatu mbele ya karakana ya magari huko Evansville, akaingizwa ndani kujifunza, akawa fundi ambaye watu walisema anasikia ugonjwa wa injini kwa sikio. Akahamia Indianapolis, akafungua gereji yake, akajiundia gari la mbio. Ila alikuwa mweusi, na AAA, chama cha wenye magari cha Marekani kilichosimamia Indy 500 wakati huo, hakikuwapa weusi leseni. Miaka hiyo Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, ilikuwa na nguvu Indiana hadi ndani ya ofisi za serikali.

Agosti 1924 zikaanzishwa mbio za madereva weusi katika uwanja wa maonyesho wa jimbo, kwenye njia ya udongo ya maili moja, mizunguko 100. Ziliitwa Gold and Glory Sweepstakes. Usizifananishe na zile za matofali. Udongo unapanda, magari yanayumba kona nzima, na wa nyuma anaendesha ndani ya wingu akitegemea kumbukumbu. Mtu wa Safari Rally anaujua upofu huo. Wiggins alishinda mara nne, 1926, kisha 1931, 1932 na 1933. Yasimuliwa kwamba mwaka 1934 Bill Cummings, rafiki yake mzungu, alimtaka amtengenezee gari la Indy 500, na ili aruhusiwe kuingia gereji za uwanja, Wiggins alijifanya mfagiaji. Mchana ana ufagio, watu wakiondoka anashika spana. Cummings alishinda mwaka huo. Mwaka 1936, katika mbio zao za udongo, magari yakarundikana mwanzoni tu. Wiggins akapoteza mguu, na mbio zile zikafa mwaka huohuo.

Nikamweleza mzee. Nilitaka kuona atasemaje, kwa kweli nilikuwa na hasira kidogo, maana mwaka mzima alinisimulia walioshindwa wote wa mji huu isipokuwa huyu. Alikula sandwichi yake hadi mwisho, akakunja karatasi. Akasema alilisikia jina hilo ukubwani, na kwamba hakujua amweke wapi. “Hao wengine walishindwa,” akasema. “Yeye hakuruhusiwa hata kushindwa.”

Mweusi wa kwanza kufuzu alikuwa Willy T. Ribbs, mwaka 1991. Injini yake ilikufa baada ya mizunguko mitano. Akawa wa 32 kati ya magari 33. Mzee anamhesabu miongoni mwa wake, na sasa namwelewa.

Mwaka 2024 mzee alitununulia tiketi, mimi na Mkongo. Tuliegesha kwenye bustani ya mama mmoja karibu na uwanja. Siku hiyo mtaa mzima hugeuza nyasi zake kuwa maegesho ya kulipia. Tukaingia na boksi la barafu, sandwichi na redio ya mzee yenye vifaa vya masikioni. Kabla mbio hazijaanza radi ikapiga. Tukaambiwa tushuke majukwaani. Watu zaidi ya laki mbili, hakuna pa kujificha pa kutosha, mvua ya kweli. Tulisimama chini ya ngazi saa nyingi tukila sandwichi zilizolowa, na mzee akapata muda wa kutusimulia mwaka 2011: J.R. Hildebrand, dereva mgeni, kona ya mwisho ya mzunguko wa mwisho, anajaribu kulipita gari la polepole kwa nje, anagonga ukuta, na gari linateleza kando ya ukuta kuelekea mstarini magurudumu yamepinda huku Dan Wheldon akimpita.

Mbio zilianza karibu saa kumi na moja jioni. Tulikuwa kona ya tatu. Kitu ambacho redio haikuwahi kunieleza ni kwamba hayo magari hayaonekani yakija. Kuna nukta mwisho wa njia, halafu upepo unakupiga kifuani, halafu nukta upande wa pili. Sauti inafika ikiwa imechelewa, kama mtu anayekimbilia basi lililokwisha kuondoka. Mizunguko ya kwanza niligeuza shingo. Baadaye nikaacha, nikachagua kipande cha lami cha hatua ishirini hivi na kutazama hicho tu. Hapo ndipo nilipoona kwamba hawapiti mahali pamoja kamwe. Huyu anagusa alama ya mpira mweusi, mwingine anaiacha kiganja kimoja, wa tatu anatikisika kidogo, unamwona mkono ukirekebisha usukani, na mwendo ni zaidi ya kilomita 350 kwa saa.

Mzunguko wa mwisho. Pato O’Ward, kijana wa Meksiko, alimpita Josef Newgarden kona ya kwanza. Hatukuona, tulisikia jukwaa la mbali likilipuka, na mzee akatushika mikono. O’Ward akatokea kwenye njia ya nyuma akiwa mbele, anakuja kwetu. Newgarden akatoka nyuma yake, akaenda upande wa nje, palipo na vumbi la mpira na ukuta. Palepale kwenye kipande changu cha lami. Wakaingia kona pamoja, na walipotoka Newgarden alikuwa mbele. Tofauti mwishoni ilikuwa sekunde 0.3417.

Kila mtu akamgeukia Newgarden kwenye skrini, amepenya ua akiwakumbatia mashabiki, kisha maziwa. Mzee hakutazama. Alikuwa akimtafuta O’Ward pembeni mwa skrini, ambako kamera ilimpitia mara moja tu, ameinamisha kofia.

“Ulikuwa umemwona?” akaniuliza. “Alipokuwa mbele?”

“Nilimwona.”

Tulirudi kwenye ile bustani saa nne kasoro. Mvua ilikuwa imeigeuza kinamasi. Gari la Mkongo, Toyota ya miaka kumi na mitano, lilikuwa limezama hadi nusu ya magurudumu ya mbele, na mama mwenye nyumba amesimama kwenye baraza na tochi akizililia nyasi zake. Mzee tukamweka kwenye usukani kwa sababu ya magoti yake. Mimi na Mkongo tukaenda nyuma, tukaliinamia. Magurudumu yakazunguka palepale, matope yakatupaka hadi usoni, gari likasogea shubiri moja, likarudi. Mzee akashusha kioo, akatoa kichwa nje, akatupigia kelele gizani:

“DePalma! Sukuma, DePalma!”

Mkongo akacheka hadi akateleza akapiga magoti, na ikabidi tuanze upya.